Kipimo cha Kupanda Nacho Cheptais

Dada yangu ndiye nesi wa pekee katika zahanati moja juu ya Cheptais, na wakati huo alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Simu huko haishiki. Akitaka gari la wagonjwa humwita kwa redio dereva aliye chini ya mlima, na redio ilikuwa imeanza kunyamaza. Nilimsihi ateremke akae kwa mama, Bungoma. Akanijibu, "Nikishuka, hawa wamama watazalishwa na nani? Si wewe ni fundi? Tengeneza."

Nilikasirika, bana, maana nilikuwa nimeshaitengeneza. Sisi mafundi wa Kitale tuna mazoea yetu: redio moja inabaki dukani, nyingine unavuka nayo barabara, "Haloo, haloo, moja mbili!" Ukijibiwa, ni nzima, mpe mwenyewe aende. Hii ilijibu kila mara. Ikirudi mlimani, kimya. Ndipo nikaanza kushuku antena iliyo juu ya bati la zahanati, ambayo haikuwahi kufika dukani kwangu. Nilihitaji kipimo cha kwenda nacho huko, na uwezo wangu ulikuwa wa kimoja tu.

Duka la vipimo liko Bungoma. Muuzaji alinitolea chenye kioo cha rangi. "Fundi, hii inapima kila kitu!" Ati kila kitu. Kuuliza si ujinga: je, itahimili nguvu ya redio ikiita? Hapana, itaungua. Ina betri? Hapana, ni stima tu, na huko juu stima ni ya kubahatisha.

Cha pili kilikuwa cha mshale, bei ya chini. Nikafurahi, kisha nikasoma mgongoni: cha redio za malori. Kwa masafa ya redio zetu kingenidanganya, nami ningemwambia dada yangu yuko salama. Kipimo cha uongo ni hatari kuliko kukosa kipimo.

Cha tatu kilikuwa na sura mbaya, lakini kilikuwa cha masafa yetu, hakikutaka stima, na kilionyesha mambo mawili tu: nguvu inayoenda kwenye antena, na inayorudishwa antena ikiwa na kasoro.

"Hicho ni cha kizamani," muuzaji akanicheka.

"Cheka tu. Nipe hicho."

Njia yote hadi Cheptais nilijiuliza kama nimekosea.

Zahanatini, mshale wa nguvu inayorudi ulipanda karibu hadi mwisho. Waya wa antena ulikuwa umeingia maji kwenye kiungo. Nikakata, nikaunga upya, nikakaza kwa mpira. Mshale ukalala. Dada alipiga makofi, lakini mimi sikuuamini. Nikateremka kwa dereva nikasikilize mwenyewe.

Tulikuwa tunakunywa chai redio ilipokwaruza. "Leta gari. Mgonjwa ni mimi." Dereva aliruka akakimbilia gari, chai ikamwagika. Nilishika redio.

"Kaka? Unanipata?"

"Nakupata," nilisema, nikilia mbele ya watu. "Nakupata, dada. Gari limeshatoka."