Majitu Watano Bila Mganga

Siku tuliyogawana vitu vya mdogo wangu, baba alichukua nyavu, mama akachukua viatu vyake vya kanisani, mimi nikapewa simu. Ilikuwa nzima. Aliiacha nyumbani ikichaji kwa sababu hakutaka ilowe, akapanda boti ya kwenda Zongwe kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, na boti haikufika. Mwili hatukuupata. Matanga tuliyafanya hivyo hivyo. Watu wakaimba, wakala, wakaenda zao. Mimi niligawa sahani. Kila aliyenipa pole nilimwitikia asante kama muuza chumvi kwa mteja.

Ndani ya simu mlikuwa na mchezo wake wa vita. Unachagua askari sita, unawapeleka uwanjani kupambana na sita wa mwenzako, na anayebomoa mnara wa mwenzake ndiye mshindi. Kuna wa ngao, wa mishale, wanaoruka, na mganga anayeponya waliojeruhiwa. Mdogo wangu alikuwa na majitu watano na mpiga mishale mmoja, basi. Nami nilikuwa nikicheza kwa simu yangu, na nilimkemea sana: hata kwenye mtumbwi, wote wakivuta wavu, nani atatoa maji? Alicheka tu. "Dada, weye unaogopa sana." Nilimshinda mara nyingi, na kila mara alirudi na majitu wale wale, upande wa kushoto, mbio mbio.

Baada ya matanga, rafiki yake mkubwa, kiongozi wa kikundi chao cha wachezaji hapa mtaani, alinikuta nikianika ndagala.

"Dada, kama hashinde hata mechi moja mpaka siku ya yenga, mchezo utamutosha ndani ya kikundi, jina lake lifutike."

Alisema hashinde, kana kwamba mdogo wangu amelala chumbani. Sikumsahihisha. Nilitaka jina lake libaki pale. Kaburi la kuliandika hatukuwa nalo.

Nilicheza kwa simu yake, nikiwatumia majitu wake jinsi alivyowaacha. Nikashindwa, nikashindwa tena, hadi ikafika hiyo siku ya yenga, Jumapili. Rafiki yake akasema tucheze sisi wawili. Nilimwambia acheze kweli, ushindi wa kuachiwa siutaki.

Tulikaa kwenye benchi mbele ya kibanda cha kuchajishia simu, bado tumevaa nguo za ibada. Nilitoa majitu wawili, nikaweka wa ngao na mganga. Jitu wa kwanza nilimpeleka kushoto, mbio, kama alivyofanya yeye. Rafiki yake akaangua kicheko, kana kwamba ni mdogo wangu mwenyewe anayekuja: "Njo yeye huyu! Anakuya!" Kisha nikamleta mganga nyuma ya jitu. Akainama juu ya simu yake. Alicheza vizuri, hakuniachia, lakini mnara wake ulianguka.

Jina la mdogo wangu likatokea juu ya kioo, na nyota zake. Sikusikia furaha wala kitu kingine.

Rafiki yake aliilaza simu yake mwenyewe kwenye benchi, kioo chini.

"Dada, hata siku moja hakuwekaka muganga." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi nilikuwa nangojea arudi. Sasa njo najua amekufa."

Nililitazama jina. Lilikuwa lake, lakini askari waliosimama chini yake walikuwa wangu. Nikaanza kulia palepale kwenye benchi, watu wakipita kuchukua simu zao.