Dobi wa Wodi ya Nyuma

Walimwita Kinanda, kwa sababu mdomo wake haukujua kunyamaza. Alikuwa dobi wa hospitali, mjane wa miaka hamsini na mbili, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefua mashuka ya wagonjwa huku akiimba nyimbo za kanisani, sauti juu kuliko mashine. Shoga yake, mpiga pasi, alikuwa akimtania: "Mungu si kiziwi, dada. Punguza kidogo."

Kisha homa ikaingia. Mwanzoni yalishuka mashuka mawili tu kutoka wodi ya nyuma, kwenye mfuko mwekundu uliofungwa kwa mafundo mawili. Wiki iliyofuata mifuko ilikuwa sita. Hakuna aliyewaeleza kitu. Walipewa glovu ndefu na ndoo ya klorini, wakaambiwa wasijiguse uso. Mifuko ikarundikana ukutani mpaka ikaziba dirisha, chumba kikawa na giza saa nne asubuhi.

Jumatatu moja mpiga pasi aliweka pasi pembeni, akashika meza. "Miguu imeniisha nguvu," alisema. Wakampandisha wodi ya nyuma.

Tangu siku ile Kinanda hakuimba. Alifua kimya, akisikiliza kifua chake mwenyewe kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi darini. Usiku akipiga magoti, maneno yaligoma. Aliambulia moja tu: "Baba, unaona lakini?"

Siku ya tano alikuwa akianika uani, chini ya wodi ile, kioo kikagongwa. Dirisha likafunguliwa kidogo. Alikuwa shoga yake, mashavu yamebonyea.

"We Kinanda! Umekufa kabla yetu?"

"Naogopa, dada."

"Kwani sisi hatuogopi? Humu ni kukohoa tu. Kuna bibi kitanda cha pili, kila kukicha anauliza, yule mwanamke wa mashuka kaenda wapi? Hebu imba, bwana."

Alianza, sauti ikakatika. Akaanza tena. Kule juu mtu akapokea kiitikio, kisha wawili, sauti za watu wasio na pumzi. Furaha ikamjia ghafla, nzito, mpaka akaona haya: nani hufurahi mahali kama hapa? Na hofu haikuondoka. Zilikaa kifuani mwake kama wake wenza, kila mmoja na chumba chake.

Akaimba kila asubuhi. Waliopokea walizidi kupungua. Jumatano yule bibi alinyamaza. Alhamisi, mpiga pasi. Kinanda aliomba apewe mashuka ya shoga yake, akayafua peke yake, akayasuuza mara tatu, akilia na kuimba.

Wiki mbili baadaye aliamka mwili unawaka. Binti yake alimsindikiza hadi mlango wa wodi, akasimama mbali kidogo kama walivyoagizwa.

"Mama, utarudi?"

"Hilo sijui, mwanangu. Ila Bwana yumo mle tangu zamani. Mimi ndiye ninayechelewa."

Alikaa mle siku ishirini na mbili, akatoka na pafu moja bovu. Hawezi tena kumaliza ubeti kwa pumzi moja. Hata hivyo, kila Jumapili baada ya ibada hupanda ngazi, akipumzika kila baada ya vidato vitatu, akaketi katikati ya vitanda na kuuliza nani anataka wimbo gani. Vitanda bado havijapata kuwa vitupu.