Ukuta wa Nabiswa

Niliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka ishirini na minane. Nyumbani nilikuwa nikija, nalala siku mbili, naondoka. Binti yetu Celine alizaliwa, akasoma, akaolewa, na mengi ya hayo niliyasikia kwa simu. Nilipostaafu mwaka jana na kurudi mtaani Jericho kukaa na mke wangu Mukai, nilitaka kitu kimoja tu: tuongee.

Tuongee saa ngapi sasa? Ikifika saa kumi na mbili jioni, Mukai yuko mbele ya runinga na zile sinema za mapenzi zisizoisha. Mimi nami, nisijifanye mtakatifu, nilikuwa na simu mkononi: ajali, siasa, mtu anacheza na nyoka. Tulikaa kochi moja kama abiria wasiojuana.

Nikaamua. Runinga nikampa ndugu yangu Nzivo wa Mukuru kwa Njenga. Simu zote mbili zizimwe saa kumi na mbili hadi saa tatu. Redio ibaki, lakini ya taarifa ya habari tu.

"Kuanzia leo tunachagua cha kutazama na cha kusikiliza," nikamwambia.

"Sawa, Baba Celine," akasema, akaendelea kukata sukumawiki.

Jioni ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Mukai akahamisha kiti chake hadi ukutani. Eti hapo kuna hewa nzuri. Hewa gani? Nyumba zetu zimeshikana, na upande wa pili anakaa mzee Nabiswa, ambaye masikio yake ni mazito na runinga yake huipandisha sauti mpaka vikombe vyetu vinatetemeka. Sinema ni ileile, saa ni ileile.

Nilikasirika sana. Nikamuuliza habari za kanisa, za soko, za magoti yake. Jibu ni "mm" tu. Wiki mbili nzima! Kibaya zaidi, nami nikaanza kujua kwamba mume wa huyo Rebeka wa kwenye sinema ana mke mwingine mafichoni, na nikawa nangoja kwa hamu siku atakayoumbuka.

Alhamisi moja, mume huyo akiwa ndio anafungua mdomo kuungama, kukawa kimya. Stima ilikuwa imemwishia Nabiswa. Kwetu taa inawaka. Kimya chenyewe nilichokitafuta kilikuwa hicho.

"Mama Celine," nikasema, "miaka yote nikiwa barabarani, jioni ulikuwa ukiongea na nani?"

Akanitazama. "Na runinga. Ile uliyompa Nzivo."

Kabla sijajibu, Nabiswa akapiga kelele ukutani. "Baba Celine! Tokeni ya stima imeisha, na simu yangu imezima! Hebu nisaidie!"

"Mnunulie," Mukai akasema.

Basi mimi mwenye sheria nikawasha simu saa moja na nusu. Nabiswa akanitajia namba ya mita kwa kelele, nami tokeni ilipoingia nikamsomea tarakimu zote ishirini kwa kelele vilevile, mara tatu, maana alikuwa akiandika gizani. Kisha akaenda kuzibonyeza kwenye mita, akikosea na kuanza upya. Nilitamani kuupiga teke ule ukuta.

Nilipogeuka, Mukai alikuwa amevuta kiti cha pili kando ya chake.

"Kaa nikueleze ilipoanzia," akasema.

Akanieleza. Hajawahi kuniambia maneno mengi hivyo tangu nistaafu. Jinsi mume anavyokuja siku mbili na kuondoka. Jinsi mwanamke anavyopika chakula cha wawili kwa mazoea, halafu kinalala. Jinsi mtoto alivyougua homa usiku, mama akambeba mgongoni hadi hospitali peke yake, akarudi, asimwambie mume kwa sababu ameshazoea kutoulizwa. Nilisikiliza mpaka nikashindwa kujua kama bado anasimulia sinema.

"Mukai," nikasema, "huyo mtoto ni..."

Runinga ya Nabiswa ikanguruma.

"Nyamaza kwanza," akasema, akageuzia ukuta sikio.