Kaka Yangu Mbele ya Spika

Kaka yangu mkubwa alipoteza uwezo wa kusikia kwa masikio yote mawili kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa tayari na mke na shamba la miwa kule Kabuchai. Kabla ya hapo alikuwa mpiga gitaa. Harusi nyingi za upande wetu zilichezwa kwa vidole vyake. Alipotoka hospitalini aliwapa vijana wa kanisa gitaa lake, akachukua jembe, akaenda kupalilia. Tangu siku hiyo hatukuzungumza habari za muziki mbele yake. Tulikuwa tunazima hata redio akiingia, kana kwamba ingemuumiza.

Mimi hufundisha Bungoma mjini. Mwalimu mwenzangu, mwanamke mpole wa Kachibora anayefundisha Kemia, hupiga gitaa la besi katika bendi ya metali, ule muziki mzito wa roki. Kwa muda mrefu nilidhani ni utani. Siku moja wakati wa chai alinionyesha video kwenye simu: yeye mwenyewe, nywele usoni, na mngurumo kama lori la miwa linalopanda mlima.

"Hii ni kelele," nikamwambia.

"Si kelele, bana. Ni nzito tu. Ukisimama karibu, unaisikia mpaka kwa mifupa."

Neno hilo la mifupa halikunitoka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kabuchai kumwalika kaka kwenye onyesho la bendi hiyo. Yeye husoma midomo, na kinachomponyoka tunamwandikia kwenye simu. Huongea mwenyewe, ila kwa sauti kubwa, maana hajisikii.

"Nikafanye nini huko?" akauliza, kuku wakatawanyika. "Unaalika kipofu sinema?"

Mkewe ndiye aliyemgeukia, akazungumza polepole ili amwone midomo: "Enda. Ukichoka si utarudi?"

Tulipanda pikapu ya mwalimu, vyombo vyao vimefungwa turubai nyuma, tukafika Kitale jua likizama. Onyesho lilikuwa ndani ya ghala la zamani la mahindi, na vumbi la nafaka bado lilikuwa kwenye nyufa za sakafu. Vijana wenye fulana nyeusi walitusalimu, "Niaje, wazee," wakatupisha kwa heshima kama tuko kanisani. Kwenye mitambo ya sauti alikaa fundi mmoja wa makamo mwenye kofia ya Kiislamu, akivuta nyaya bila haraka.

Bendi ya kwanza ilinishangaza. Walipiga kwa hesabu ya mapigo saba, wakaruka kwenye tano, wakarudi mahali ambapo sikuwatarajia, na wote wakatua pamoja kama ndege juu ya waya. Mguu wangu ulijaribu kuwafuata, ukapotea. Sikujua kwamba watu wa rika la wanafunzi wangu wa zamani wanaweza kuwa na nidhamu ya namna hiyo. Lakini kaka alisimama nyuma amekunja mikono, akitazama watu. Nilianza kujuta kumtoa kwake.

Ndipo wakapanda kina mwalimu. Walianza chini kabisa, noti moja ya besi iliyovutwa, ikaachwa, ikavutwa tena. Nilihisi sakafu inapumua. Kaka akatazama miguu yake. Kisha akaanza kutembea, akipita katikati ya watu bila kuomba njia, hadi kwenye spika kubwa iliyokuwa kando ya jukwaa. Akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao zake. Baada ya muda mkono mmoja ukashuka, ukaanza kupiga paja, sawasawa na ngoma.

Muziki ulipanda, ukajaa ghala, halafu ukashuka ghafla. Ngoma zikanyamaza, besi ikanyamaza, ikabaki gitaa moja jembamba kama uzi. Watu wote walikuwa kimya. Kaka akageuka kunitafuta.

"Wamemaliza?" sauti yake ikagonga mabati. "Waambie waendelee, bana!"

Ghala zima likacheka. Mwalimu, ambaye nilikuwa nimemweleza hali ya kaka, hakucheka. Alimwinulia kiganja: subiri. Kaka akasubiri, macho kwenye kiganja kile. Mkono uliposhuka, bendi yote ikashuka pamoja nao, nami nikaona kifua cha kaka kikipokea pigo. Alirusha kichwa nyuma akacheka, kicheko cha zamani ambacho nilikuwa nimekisahau.

Fundi wa mitambo alinijia. "Ati hasikii kabisa?"

"Hata radi."

Alikwenda pembeni, akaburuta fremu ya mbao waliyokuwa wakiwekea magunia, akailaza mbele ya spika. Akamwonyesha kaka kwa ishara avue viatu. Kaka alisimama juu yake peku mpaka wimbo wa mwisho.

Walipomaliza, mwalimu alimvisha gitaa la besi. Kaka alikataa, akatikisa kichwa, kisha akalikumbatia hadi kidevu kikagusa mbao. Akatafuta, akakosea, akatafuta tena. Halafu ukatoka mdundo wa harusi wa kwetu, mzito na wa taratibu. Noti nyingine hazikuwa mahali pake, na mwalimu alimsogezea kidole. Mpiga ngoma akaudaka mdundo ule, magitaa yakafuata, na watu waliokuwa wakielekea mlangoni wakarudi.

Njiani kaka hakunyamaza. "Ile ya kwanza inapita kwa mguu kama siafu," alisema, sauti yake ikijaza pikapu. "Lakini hii yenu, mwalimu, inakanyaga!"

Siku hizi huenda mazoezini nao kila anapopata nafasi, na mdundo ule wameujengea wimbo mrefu usio na maneno. Walipokuja kupiga Bungoma, mama yetu alikuja na wenzake wawili wa kanisani, wakaketi karibu na mlango, leso zimefunika masikio. Mama alimtazama mwanawe pale mbele ya spika kwa muda mrefu.

"Sasa hawa hawaimbi?" akaniuliza.

"Hawaimbi, mama."

"Ni vizuri," akasema. "Maneno angeyakosa."