Vidole Chini ya Kidevu

Fundi saa mmoja watu walimwita Babu Lenzi, kwa sababu ile lenzi yake ya kazi aliisahau jichoni hata akienda kununua mkate. Saa zenyewe zilishamkimbia zamani. Nani siku hizi atapeleka saa kwa fundi, na kila mtu ana simu mfukoni? Lakini mzee hakuwa mtu wa kukaa bure. Alitoa mitambo kwenye saa mbovu zilizojaa drooni, akabakiza vioo na vyuma vyake vya mviringo, akaanza kutengeneza vidani vyenye vivuli vya watoto.

Mtoto alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta, taa ikammulika kutoka upande wa pili, kivuli chake kikaangukia karatasi iliyobandikwa ukutani. Babu Lenzi alikifuata kwa penseli: paji la uso, pua, midomo, kidevu. Kisha alivuka barabara hadi kwa jirani mwenye mashine ya fotokopi, mchoro ukapunguzwa na kupunguzwa tena mpaka ukatoshana na ukucha wa dole gumba. Hapo ndipo mkasi mdogo ulipoingia kazini, karatasi nyeusi ikakatwa, uso ukalazwa chini ya kioo cha saa.

Watoto wadogo hawatulii, hivyo mama zao waliwashika kidevu, na vidole vyao vikatokea kwenye mchoro. Babu Lenzi alivikata vyote bila huruma.

"Kidani ni cha mtoto," aliwaambia. "Wewe vidole vyako unavyo."

Wateja walicheka, wakaenda zao, naye akabaki. Tangu mkewe afariki alikula akiwa amesimama, sufuria mkononi, redio ikiwa wazi ili kuwe na mtu anayezungumza. Upweke ulimkaba, basi tu hakuwa na wa kumwambia. Alishakata vivuli vya watoto wa mtaa mzima, lakini cha mjukuu wake wa pekee hakuwa nacho. Kila mara ilikuwa wiki ijayo, wiki ijayo.

Asubuhi moja mkamwana wake aliingia dukani na yule mjukuu, binti wa miaka miwili na nusu, mkaidi kama babu yake.

"Baba, tumekuja kukuaga. Tiketi zimepatikana ghafla. Basi linaondoka saa tisa."

Walikuwa wanamfuata mwana wa mzee, aliyepata kazi nchi ya mbali.

"Mtarudi lini?"

"Mkataba wake ni wa miaka mitano, baba."

Mzee alimtazama mtoto. Miaka miwili na nusu! Angekumbuka nini? Yeye mwenyewe alibebwa na babu yake akiwa na umri kama huo, na leo hakumkumbuka hata sauti. Alijua kwamba akitoka mlangoni, mtoto huyu atamsahau kabisa, wala haitakuwa kosa lake.

"Mkalishe kwenye kigoda," alisema. "Upesi."

Mtoto aligoma. Mama yake alipomshika kidevu alipiga kelele za kuita mtaa. Alimtaka babu, na babu tu. Basi mzee akapiga magoti, akamwegemeza kidevu juu ya vidole vyake viwili, na mtoto akatulia tuli. Penseli ikabidi ishikwe na mkamwana.

"Baba, mimi sijui kuchora!"

"Kifuate tu kivuli, mama. Usikifundishe kazi."

Walipoondoka kwenda kufunga mizigo, alikimbia na karatasi kwa mwenye fotokopi, akarudi, akaibandika tena ukutani, akaketi na mkasi. Alikata paji, akakata pua. Alipofika kidevuni mkasi ulisimama. Vile vidole viwili vilikuwa pale, vimepinda kidogo, vyake kabisa. Akavizunguka kwa mkasi.

Saa tisa kasorobo alikuwa kituoni, anahema. Mkamwana alikigeuza kidani kwenye mwanga.

"Baba, umesahau kukata vidole."

"Sikusahau."

Mkamwana akainua macho, akamwangalia vizuri.

"Iko siku atauliza ni vya nani," mzee alisema. "Utamwambia."

"Nitamwambia, baba." Alikivaa shingoni papo hapo, akambeba mtoto, wakapanda. Mtoto alikuwa ameshasinzia, hata kupunga mkono hakupunga.

Babu Lenzi alirudi dukani. Kigoda kilikuwa palepale, na karatasi bado ilikuwa imebandikwa ukutani, na ile mistari ya mkamwana iliyopinda. Alipiga magoti kama asubuhi, akaweka vidole vyake viwili juu ya vile vya penseli, chini ya kidevu. Alikaa hivyo mpaka jirani wa fotokopi alipofunga mlango wake.