Mwajuma Alikuja Mikono Mitupu

Usiku ule nililala na njaa kwa kupenda mwenyewe, tena nikijisifu. Mchana kutwa nilikuwa nimekula matango na maji ya ndimu tu. Vidonge vya sukari nilimeza jioni kama kawaida, raba nikaziweka mlangoni, maana kukicha nilitaka kukimbia na kikundi cha jogingi cha mtaani kwetu mpaka chini ya milima ya Uluguru. Nesi wa kliniki alikuwa ameniambia mengine kabisa: nipunguze ugali lakini nisiuache, dawa nimeze nikiwa nimekula, nitembee kidogo kila siku halafu niongeze taratibu.

"Mwenda pole hajikwai, mama," akasema.

Nikamjibu moyoni kwamba wala hafiki. Mimi nauza mitumba hapa Morogoro, na kitu cha bure nakitilia shaka. Ushauri wa kumwambia mtu mzima atembee niliuona kama wa kunifukuza pale kwenye benchi. Nimetembea maisha yangu yote, na sukari imepanda vilevile.

Basi usingizi ukanichukua, na Mwajuma akaja.

Mwajuma alikuwa shoga yangu. Meza yake na yangu zilipakana sokoni, na ugonjwa huu wa sukari tuliupata karibu pamoja. Yeye alisema hataki kuzeeka na vidonge. Huku akiendelea kuvimeza, akaanza kujinyima chakula na kukimbia mpaka anatapika, akapungua upesi, akapendeza, nami nikamwonea wivu. Asubuhi moja binti yake akamkuta kitandani, shuka limelowa, haitiki. Watu walisema mengi, wengine hadi uchawi wakautaja. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha, kwa hiyo najua vizuri kwamba alikufa.

Ndiyo maana nilipomwona ameketi kwenye meza yangu, anakunja magauni, sikufurahi. Soko lilikuwa tupu, kweupe, wala jua silioni. Nilisimama mbali nikamtazama miguu kwanza, nisije nikakuta kwato. Ilikuwa miguu yake, na kidole gumba chake kilichopinda. Bado sikuridhika. Nguo siinunui mpaka niigeuze nione mishono ya ndani.

"Siku tulipofungua lile belo la makoti," nikamuuliza, "mfukoni ulikuta nini?"

"Meno ya bandia," akasema bila kuinua uso. "Ulipiga kelele soko zima likajaa kwetu. Mimi nikayavaa."

Ni yeye. Au ni kitu kinachojua anayoyajua yeye. Bibi yangu alitufundisha mambo mawili juu ya marehemu anayekuja ndotoni: akikuita usimfuate, akikupa chakula usile, kwa sababu aliyekula chao amekubali kuhamia kwao. Nikatulia nione ataanza na lipi.

Anainuka. "Twende."

"Nyuma yako siendi."

"Basi tangulia wewe."

Hilo sikulitegemea. Natangulia, na soko halipo tena. Tupo kwenye barabara ya vumbi iendayo mlimani, ileile niliyopanga kuikimbia. Nasikia kandambili zake nyuma yangu. Nakaza mwendo nimwache. Magoti yanauma, pumzi inakatika, mate yamekauka, na kandambili zile ziko palepale, hazijaongeza kasi hata kidogo. Hapo wasiwasi unanizidi, kwa sababu Mwajuma ninayemjua mimi alitembea kama mtu anayewahi basi. Huyu anatembea kama mwenye siku zote mkononi.

"Punguza," anasema.

Napunguza, huku najiuliza yeye anapata faida gani. Tunatembea. Pumzi inarudi, magoti yananyamaza. Nikigeuka naona mji uko chini kabisa, mabati yanang'aa, wala sikumbuki kupanda. Nimefika huku juu na bado naweza kuongea.

"Mbona siku hizi huna haraka?" namuuliza.

"Yangu niliimaliza."

Anasema bila kisirani, kama anayezungumzia unga ulioisha. Lakini mimi linanichoma, nataka kumshika mkono, na papo hapo nakumbuka nilivyoushika mkono huo ukiwa wa baridi. Naurudisha wangu.

Sasa tuko jikoni kwangu. Sijui tumeingiaje. Yeye amesimama mlangoni, mikono ameificha nyuma, na mimi najisemea: ahaa, ndipo hapa. Alinitembeza kusudi ili nione njaa. Na njaa kweli ninayo, inanitetemesha mwili mzima, macho yanaona giza pembeni.

"Ulicholeta rudi nacho, shoga," namwambia. "Sili."

Anatoa mikono na kuifungua mbele yangu. Haina kitu. Anatazama jiko langu lililopoa, sufuria zangu zilizofunikwa, kisha ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza naona anaogopa.

"Changu usile," anasema. "Kula chako. Mimi nililala hivihivi."

Nataka kumuuliza hivihivi vipi, lakini mdomo ni mzito. Jiko linaanza kuyeyuka pembeni. Halafu ananiita kwa jina, "Tausi!" na mimi naung'ata ulimi, maana marehemu haitikiwi. Anaita tena. Naziba masikio. Mwajuma anapiga mguu chini kwa hasira, machozi yanamtoka.

"Usiniitikie mimi, Tausi! Amka!"

Nikaamka. Shuka lilikuwa limelowa jasho kama limetoka kufuliwa. Mikono ilitetemeka, moyo ulikwenda mbio, nikataka kumwita binti yangu Zaina, sauti haikutoka. Nilitambaa. Nilifika jikoni kwa magoti, nikaangusha kopo, nikachota sukari kwa kiganja nikaitia mdomoni, nikachota tena.

Zaina alinikuta sakafuni, mwadhini ndio kwanza anaanza kuadhini.

"Mama! Sukari? Si umekatazwa?"

"Imeshuka. Dawa nilimeza bila kula," nikasema sauti iliporudi. Kisha nikamwomba apike uji, na ugali kidogo aniwekee wa mchana. Filimbi za kikundi zilipopita nje na mtu akaniita, nilimtuma Zaina akawaambie wasinisubiri: leo ninakwenda kliniki kwanza, na kuanzia kesho nitatembea kwa miguu yangu mpaka kona ya shule na kurudi, nikiwa nimekula.

Aliporudi akachutama kando yangu, akanifuta jasho shingoni kwa kanga yake.

"Nani alikuamsha, mama? Nimesikia unajibizana na mtu."

"Mwajuma," nikasema, na hapo nikalia kwa sauti. "Yeye hakuwa na wa kumwamsha."