Goti Lisilo na Mwenyewe

Mama Goti alilipata jina hilo katika karakana ya hospitali, alikotengeneza miguu ya bandia. Ndiye aliyebuni goti la plastiki linalokunjika bila kumwangusha mvaaji, na ambalo hata mkulima anaweza kulimudu. Lakini mama huyu na siri ni paka na panya. Goti lilipokamilika tu, alisimama mbele ya mkutano wa mafundi wa nchi nzima, akachora kila kipande ubaoni na vipimo akawapa.

Ndipo mumewe akamshauri akalisajili serikalini, lisije likaibwa. Mwanasheria wa ofisi ya ubunifu, mwanamke mpole, akamwuliza kama limewahi kuonyeshwa hadharani. Mama Goti akajisifu kwamba limeonwa na kila fundi. Mwanasheria akaweka kalamu chini, akamweleza kwa upole kuwa sheria hailindi kitu kilichokwisha kutangazwa. Angekuja kwanza, aseme baadaye.

Alilia njia nzima. Mdomo uliponza kichwa, na mumewe, Mungu ambariki, hakumkumbusha. Kilichomkosesha usingizi si utajiri. Aliogopa kampuni yenye mtaji ingelisajili goti lile, ilipandishe bei, na wagonjwa wake waliotembea waanze tena kutambaa.

Na kampuni ikaja kweli, na goti lile lile, rangi tu ndiyo mpya. Mwanasheria akamwita. Mama Goti alikwenda akiwa ameshakata tamaa.

"Nimewakatalia," mwanasheria akamwambia. "Kwa sheria ile ile niliyokukatalia wewe, dada. Ulishawaonyesha watu, kwa hiyo goti si jipya tena. Halitamilikiwa na mtu."

Mama Goti alimshika mikono, akashukuru mpaka yule mwanasheria akaona haya. Wizara ya afya nayo ikalifanya goti lile somo katika vyuo vyote vya mafundi.

Juzi aliingia karakanani mzee kutoka mji wa mbali, anatembea wima, ila mkanda wa mguu wake wa bandia umelegea. Mama Goti alipokuwa akiukaza, mzee alimtazama kwa huruma.

"Liangalie vizuri goti hili, mwanangu. Mafundi wa kwetu ndio wanaolijua. Nenda ukajifunze."

"Nitajifunza, baba," alijibu, na moyo wake ukajaa shukrani hata akashindwa kuuona mkanda.